Baiskeli ya Viungo Vinne

Jumanne, 4 Machi

Priska, yule binti wa mazoezi pale hospitalini, ameniambia niandike kila siku kwa mkono wa kushoto, hata mstari mmoja. Anasema mkono huu inabidi ujifunze. Nikamjibu kwamba mkono huu una miaka sitini na mmoja, shule ulishamaliza. Hakucheka. Daftari kanunua mke wangu Lukresia, lina picha ya twiga kwenye jalada, ni la watoto wa darasa la tatu. Mwandiko wangu nao ni wa darasa hilo hilo.

Basi niandike. Mimi ni Filbert, fundi baiskeli wa Majengo, Moshi mjini, miaka thelathini na miwili kwenye kibanda kimoja na Salehe. Yeye anachomelea, mimi nafunga spoki na kunyoosha rimu. Tarehe tisa Januari nilikuwa na rimu ya muuza ndizi mmoja wa Njoro, spana ikanidondoka. Nikainama kuiokota, mkono ukakataa. Nikadhani nimeulalia vibaya usiku. Nilipotaka kumwambia Salehe, mdomo nao ukaenda upande.

Sasa niko huku juu Kirua Vunjo, kwenye kihamba cha marehemu baba, shamba letu la ukoo, natazama migomba. Mguu wa kulia umeanza kurudi, natembea na fimbo. Mkono wa kulia unaning'inia tu.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Lukresia ameenda kanisani peke yake. Nimechoka kuandika.

Ijumaa, 7 Machi

Leo sikulala mchana, nilikuwa nachora.

Kwenye chumba cha mazoezi hospitalini ipo baiskeli moja ya msaada. Unaikalia, haiendi popote, unakanyaga kwa miguu na wakati huo huo unasukuma na kuvuta kwa mikono. Mwili mzima unafanya kazi. Foleni yake ndefu, ukifika zamu yako unapewa dakika kumi. Nilipanda mara moja, nikashuka nikiwa nimeshajua kila kitu kilichomo ndani yake. Mimi ni fundi, siwezi kupanga foleni kwa ajili ya baiskeli.

Yangu itakuwa hivi. Fremu ya baiskeli ya mizigo, tairi la nyuma limeinuliwa juu ya stendi. Miguu kwenye pedali. Mbele, badala ya usukani, mikono miwili ya chuma ya kusukuma na kuvuta, na kila mmoja una ekseli yake na gia yake. Hapo ndipo penye ufundi. Ile ya hospitali mikono imeungana, mkono mzima unauvuta mgonjwa. Yangu haiungani. Viungo vinne, kila kimoja na kazi yake, hakuna kubebana. Mkono usipofanya kazi utaonekana haufanyi kazi, na utaona aibu.

Jumapili, 9 Machi

Salehe amepanda kuniona. Yeye amefunga Ramadhani, mimi nimeacha mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya Kwaresima, tukakaa barazani wote wakavu. Namwita shehe ingawa msikitini yeye ni mtu wa safu ya nyuma. Yeye ananiita mangi, chifu wa Wachagga. Babu yake alitoka Pangani, lakini Salehe mwenyewe bahari hajaiona, na nikimkumbusha hilo hukasirika kidogo.

Aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Akaniambia niinue mkono wa kulia. Haukuinuka. Akaniambia nijaribu vidole tu. Nilijaribu mpaka jasho likanitoka. Kimoja kilitikisika, au nilitaka sana kitikisike.

"Sawa, mangi," akasema. "Nipe wiki mbili."

Nilimwambia masika yakiisha nitakuwa nimerudi kibandani, na mpaka siku hiyo kiti changu asikalie mtu. Akacheka, akasema nani atakitaka kiti chenye msumari. Tuliagana vizuri. Nina rafiki mmoja tu duniani na siku hizi naona anatosha.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua imeanza.

Jumatano, 19 Machi

Kliniki. Tulishuka kwa pikipiki, dereva mbele, mimi katikati, Lukresia nyuma amenikumbatia nisianguke. Watu wa njiani walitupungia mkono kama maharusi.

Priska alinipima, kisha akaanza habari ya mkono wa kushoto. Anataka aanze sasa hivi kunifundisha kazi kwa mkono mmoja. Rimu inabanwa kwenye jiliwa, mkono wa kushoto unashika spana. Anamjua fundi cherehani aliyejifunza hivyo, anashona mpaka leo. Akasema miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kujifunza, tusiipoteze.

Nilimwambia asante mwanangu, lakini mimi narudi kazini na mikono miwili. Spoki unaipiga kwa kidole cha mkono mmoja, unaisikia, unaikaza kwa mkono mwingine. Jiliwa halina masikio. Akaandika kitu kwenye faili langu. Nadhani ameandika kwamba mimi ni mbishi.

Jumapili, 23 Machi

Imefika. Ililetwa nyuma ya pikapu ya mnunuzi wa parachichi, imefunikwa turubai, na Salehe amekaa pembeni yake kama mlinzi. Wakaiweka barazani, chini ya bati, mvua isiifikie.

Salehe kaitengeneza vizuri. Kaipaka rangi ya bluu. Sehemu ya mbele, pale ekseli za mikono zilipo, ameifunika kwa kava la bati lililopigwa riveti kuzunguka, tope na maji visiingie. Nikamwambia riveti za nini, angeweka skrubu nipate kufungua. Akasema skrubu zitashika kutu masika haya.

Lukresia alinifunga mkono wa kulia kwenye chuma kwa mpira wa tyubu. Nikakanyaga. Mguu wa kushoto ukaenda, wa kulia ukafuata. Mkono wa kushoto ukasukuma. Na mkono wa kulia ukaenda. Ukaenda mbele, ukarudi, ukaenda tena. Mkono huu ambao tangu Januari nimekuwa nikiubeba kama mzigo wa mtu mwingine.

Nililia. Sioni haya kuandika. Nilipiga kelele kwamba umeenda, umeenda, mpaka ng'ombe akajibu zizini. Salehe aliinama akawa anakaza nati ya stendi, ambayo ilikuwa imekaza tayari.

Jumatatu, 24 Machi

Dakika kumi na mbili.

Jumanne, 25 Machi

Dakika kumi na tano. Mvua.

Ijumaa, 28 Machi

Dakika ishirini. Mkono wa kulia unakwenda sawasawa na wa kushoto, hauchelewi hata kidogo. Nimeshangaa. Nilitegemea uwe unayumba kama mtoto anayejifunza kutembea. Labda mwili una kumbukumbu yake.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Kila mwaka Salehe huniletea pilau mwenyewe. Mwaka huu ameituma kwa bodaboda kwenye kontena. Imefika ya baridi. Nimeila hivyo hivyo.

Jumapili, 6 Aprili

Salehe kapanda, kakaa nusu saa. Nilimwonyesha dakika ishirini na tano bila kupumzika. Nikamwambia baada ya hapa tufungue lile kava tutie grisi, maana naona panahitaji kuwa laini zaidi. Akasema grisi imejaa, tukifungua tope litaingia. Tope gani barazani? Akasema ana kazi Majengo, akaondoka kabla chai haijachemka.

Hakunitazama usoni. Nimefanya kazi na mtu huyu miaka thelathini na miwili na najua anavyokaa akiwa na jambo.

Jumatano, 9 Aprili

Kliniki nyingine. Nimemwambia Priska habari njema. Akauinua mkono wangu, akauachia, ukaanguka mapajani. Akauliza kama nyumbani naweza kushika kijiko. Nikasema kijiko bado, lakini naendesha dakika ishirini na tano na mkono unasukuma. Akaandika tena kwenye faili. Kisha akarudia habari ya jiliwa. Sijui kwa nini watu waliosoma hawapendi kuona mtu anapona bila wao.

Jumamosi, 12 Aprili

Dominika, jirani yetu, mwenyekiti wa jumuiya, alishuka mjini kuuza ndizi akapita Majengo kuwasalimia watu wangu. Anasema kwenye kiti changu amekaa kijana mmoja anaitwa Denis, anafunga spoki. Nikamuuliza mara mbili kama ni kiti changu. Akasema ni kile cha kamba za tairi, chenye msumari.

Sasa nimeelewa kwa nini Salehe hanitazami. Huku ananipakia rangi ya bluu nifurahi kama mtoto mdogo, kule ameshaniandikisha na marehemu. Sikumpigia simu. Nitarudi na mikono yangu miwili nimkute.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Dakika thelathini na tano, kwa hasira.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimekunywa mbege kikombe kimoja, Lukresia amekihesabu. Mwanetu Godlove amepiga simu kutoka Dar, nikamwambia mkono unarudi. Akashangilia. Lukresia alichukua simu akaenda nayo uani, wakazungumza muda mrefu kwa sauti ya chini.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo jumuiya imesali kwetu. Ilikuwa zamu yetu, na Dominika aliomba iwe sala ya shukrani, maana ameniona mara nyingi akipita njiani nikiendesha. Walikuja watu kumi na wanane na miavuli yao. Lukresia hakutaka. Alisema tungoje kwanza, tusitangaze. Nikamwambia imani yake ndogo. Hayo maneno yananichoma sasa hivi ninapoyaandika.

Baada ya rozari Dominika akaniomba niwaonyeshe. Nikapanda. Lukresia akanifunga ule mpira, vidole vyake vilikuwa vya baridi. Nikakanyaga, na mkono wa kulia ukaenda mbele na nyuma mbele ya watu wote. Dominika akaanzisha wimbo. Mzee mmoja alivua kofia. Mimi niliimba pia, mdomo wangu bado umepinda kidogo lakini niliimba. Lukresia aliingia jikoni, nikajua amekwenda kulia kwa furaha.

Kisha ikaletwa chai. Dominika mwenyewe akaninyooshea kikombe, na kwa sababu nimepona akaninyooshea kwenye mkono wa kulia, kama anavyompa mtu yeyote. Nikauambia mkono upokee. Nikauambia kweli, kwa moyo wote. Dominika akaachia. Kikombe kilidondoka kwenye goti langu na chai ikamwagika mpaka kwenye rozari yake.

"Kimeteleza," Dominika akasema. Na watu wote wakasema kimeteleza, vikombe hivi vya udongo vinateleza. Walikuwa wema sana. Nilitamani waondoke.

Jumapili, 27 Aprili

Nimejaribu peke yangu Lukresia akiwa kanisani. Niliweka miguu chini, mkono wa kushoto nikauweka nyuma ya mgongo, wa kulia nikaufunga kwa meno. Nikausukuma. Haukwenda. Nikausukuma tena kwa bega, kwa kifua, kwa mwili wote. Chuma hakikusogea hata unene wa ukucha.

Nilikaa hapo mpaka Lukresia akarudi na kunikuta. Nikamwambia beringi zimekufa. Salehe kanifungia gololi za kuokota.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimemrekodia Salehe sauti kwenye simu. Dakika nne. Nimemwambia amenitengenezea takataka makusudi ili nisirudi, kwamba anamtaka Denis na mimi ameshanizika, kwamba mtu asiyeijua hata bahari ya babu yake hawezi kujua heshima. Nimemwambia mengine pia ambayo kwenye daftari hili sitayaweka.

Lukresia alisikia yote. Alisema, "Baba Godlove, umekosea." Sikumuuliza kwa nini.

Ijumaa, 2 Mei

Ameisikiliza, alama imeonyesha. Hajajibu.

Jumanne, 6 Mei

Mvua usiku na mchana. Barabara imekatika pale kwenye kona chini, gari halipandi wala pikipiki. Kliniki sikwenda.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Ukuta wa jiko umelowa mpaka ndani. Dakika kumi. Mkono unakwenda tena nikikanyaga, unakwenda vizuri kabisa. Nikiacha kukanyaga unaacha. Nimelitazama jambo hili leo kwa muda mrefu, na nikaamua kutolifikiria.

Jumatano, 14 Mei

Mvua.

Jumamosi, 17 Mei

Leo nitaandika mpaka mwisho hata mkono ukifa ganzi.

Saa nne hivi mvua ilikatika kidogo. Nilikuwa barazani. Nikaona mtu anapanda kwa miguu kutoka kule barabara ilikokatika, suruali amekunja mpaka magotini, viatu mkononi. Nikamjua kwa mwendo. Nilikuwa na maneno ya wiki tatu tayari mdomoni. Kisha nikaona kwamba mkono wake wa pili umeshika jani la isale.

Sisi huku mtu akikukosea huja na isale, na akishakuja nalo huna ruhusa ya kumkatalia. Baba yangu alisamehe ng'ombe mzima kwa jani moja. Salehe si Mchagga, lakini amezaliwa Moshi na amekulia Moshi, anajua isale ni kitu gani. Jani lenyewe alilikata hapo hapo kwenye mpaka wa kihamba changu, nililiona lina utomvu bado. Siku nyingine yoyote ningemcheka. Leo sikucheka, kwa sababu mtu haji na isale kwa ajili ya kiti. Nilijua kuna jambo kubwa zaidi na kwamba nikishalisikia nitakuwa nimeshalisamehe.

Akaliweka magotini kwangu. Hakukaa. Akamwomba Lukresia nyundo na patasi, na Lukresia alikuwa amezishika tayari. Akang'oa riveti moja moja. Kava likaanguka sakafuni.

Ekseli ilikuwa moja. Bomba moja limenyooka kutoka mkono wa kushoto mpaka wa kulia, limechomelewa katikati, na cheni inalifunga kwenye pedali. Kila kitu kimeungana na kila kitu. Ukikanyaga kwa mguu mmoja tu, mikono yote miwili inakwenda, hata ingekuwa mikono ya gogo. Na ile weldi ilikuwa safi, sijaona safi kuliko hiyo. Mtu hachomelei hivyo kwa bahati mbaya.

"Niliitengeneza kwanza kama ulivyochora," Salehe akasema. "Ekseli mbili. Nikaikalia pale kibandani, nikauacha mkono wangu mmoja nisiutumie. Unakaa tu, mangi. Unakaa tu hapo unautazama. Nikakuona wewe uko hapa kila asubuhi, unautazama. Nikashindwa."

"Ungeniambia."

"Siku ile ulilia. Ulisema umeenda. Ningekuambia nini?"

Nikamgeukia Lukresia nikamuuliza kama alijua.

"Nakufunga ule mpira kila siku," akasema. "Ningekosaje kujua?"

Sikumtukana mtu. Ajabu ni kwamba nilijikasirikia mwenyewe, na kwa ufundi wangu. Miaka thelathini na miwili mtu akipita barabarani na baiskeli mimi najua kwa mlio tu kwamba cheni imelegea. Nimekaa juu ya mashine hii wiki nane, mikono yote ikienda pamoja kama pedali za baiskeli yoyote, na sikujua. Mteja yeyote angeniletea mashine hii ningemwambia kabla hajashuka. Sikujua kwa sababu sikutaka kujua, na Salehe alilifahamu hilo kuliko mimi.

Nikamwambia aikate. Akasema tuache. Nikasema aikate. Lukresia akaleta msumeno wa chuma, Salehe akakata kwa nusu saa, unga wa chuma ukimwagika juu ya vidole vya miguu yake. Nikapanda. Nikafungwa mpira. Nikakanyaga. Miguu ikaenda, mkono wa kushoto ukaenda. Mkono wa kulia ulikaa pale umefungwa kwenye chuma chake, umetulia, na baiskeli nzima ikawa inakwenda bila mkono huo.

Nilikanyaga dakika moja labda. Hiyo ndiyo baiskeli niliyoichora.

Kisha nikashuka, nikalichukua lile isale kwa mkono wa kushoto na kumwambia nimemsamehe. Nilisema kwa sababu jani lilikuwa pale. Moyoni sikuwa nimesamehe chochote. Yeye akauliza mimi nitamletea isale lini kwa ile sauti ya dakika nne. Nikamwambia sina mahali pa kwenda kukata isale, yeye ameshakata la kwangu. Akacheka, mimi nikacheka, halafu wote wawili tukalia barazani, wazee wawili, na Lukresia akatuacha akaenda kumenya ndizi za mtori.

Salehe alipokuwa anavaa viatu aliniambia habari ya Denis. Wateja walikuwa wanaondoka, wanakwenda kwa mafundi wa stendi. Yeye mwenyewe anachomelea tu, spoki hazijui, ndiyo maana akamchukua kijana. Alilificha hilo pia.

Jumatatu, 19 Mei

Sikuandika jana. Mkono ulikuwa bado na ganzi.

Alhamisi, 22 Mei

Nimemwomba Lukresia anitolee darini rimu ya zamani na spana. Godlove alituma jiliwa dogo mwezi wa tatu, Priska alimshauri kwa simu, nami nililisukumia chini ya kitanda. Leo nililitoa.

Nilibana rimu. Nikashika spana kwa kushoto. Mkono ulikuwa unaizungusha kinyume, kila ninapotaka kukaza unalegeza. Nikapiga spoki kwa kidole, lakini ili kuipiga lazima niweke spana chini, na nikishaiweka sijui tena ilikuwa spoki ipi. Nimefanya hivyo kwa saa mbili nzima. Spoki tatu zimekatika. Rimu ilikuwa imepinda kidogo tu nilipoanza, sasa imekaa kama nane. Lukresia alipita mara nne akijifanya anatafuta kuku.

Jumatano, 28 Mei

Barabara imefunguliwa, nimeshuka kliniki. Nilimwambia Priska kila kitu, ekseli, kava, isale. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwomba anijibu kama anavyomjibu mtu mzima.

"Mguu umefanya kazi nzuri, baba," akasema. "Mkono wa kulia hautashika spana tena."

Nikauliza wa kushoto. Akasema tungeanza Machi tungekuwa mbali, lakini bado tunaweza kuanza. Akasema baiskeli za watu nitaweza kuzipaka mafuta, kubadilisha tyubu nikisaidiwa. Rimu hakuigusia, na mimi sikumlazimisha. Alinishika begani. Ni binti mzuri na nilimwonea.

Jumamosi, 31 Mei

Nimempigia Salehe, nikamwambia kiti ni cha Denis. Ang'oe ule msumari, kijana asijichome. Akaniambia kiti ni changu. Nikamwambia shehe, mimi na wewe tumeshamaliza kudanganyana.

Tangu asubuhi nimekaa nikiwa mtu asiye na kazi. Sijawahi kuwa hivyo tangu nina miaka kumi na mitano. Nahisi kama mgeni aliyekaa sana, wenyeji hawasemi kitu ila wanatamani chumba chao.

Jumatatu, 2 Juni

Hakuna mvua leo. Mlima umeonekana wote asubuhi, una theluji kidogo mabegani. Masika yamekwisha.

Alhamisi, 5 Juni

Salehe amekuja kwa pikipiki na mashine ya kuchomelea ya kuazima, waya ameuvuta kutoka kwa Dominika. Nilimwita mimi. Jana kwenye simu alidhani hajasikia vizuri, ikabidi nirudie. Lukresia alikasirika, akasema nimechanganyikiwa, kisha akaenda kuukunjua waya.

"Unataka niiunganishe tena?" Salehe akaniuliza alipofika. "Na umeshajua?"

"Nimeshajua. Nataka tu niuone ukienda."

Alisimama na miwani yake nyeusi mkononi. Nilidhani atakataa. Kisha akaivaa, akaninyooshea kidole nigeuze uso nisiutazame moto, akaziweka ncha mbili za bomba pamoja na kuzichomelea. Weldi ilikuwa mbaya safari hii, ina mabonge. Kava hakulirudisha, nilimwambia asilirudishe.

Tulingoja chuma kipoe. Lukresia akanifunga mpira. Salehe akasema anakwenda kukunja waya, akazunguka nyuma ya nyumba na hakurudi. Nikakanyaga, na nikautazama mkono wangu wa kulia ukienda mbele na kurudi, mbele na kurudi, mpaka mguu ukachoka.